Kuli, mgomo na karatasi ya manila: namna ya kufundisha riwaya ya siasa kwa vitabu vya historia

Mara ya kwanza kufundisha riwaya ya siasa hapa Lamu niliiua kabla haijafunguliwa. Nilisimama mbele ya kidato cha tatu na daftari la kurasa kumi na nne: Sultani wa Zanzibar, Waingereza na himaya yao ya 1890, karafuu, vyama, mapinduzi. Vipindi viwili vizima. Nje punda wanalia, feni haizunguki, nami nasoma tu. Nilipomaliza, binti mmoja wa mstari wa nyuma aliinua mkono kwa adabu zote: "Maalim, na hadithi yenyewe itaanza lini?"

Tangu siku ile nimeugeuza mpango. Historia haitangulii riwaya. Huitwa pale msomaji anapokwama. Wala haiitwi kuja kushuhudia kwamba mwandishi kasema kweli. Huitwa ili darasa lione ni wapi mwandishi wa riwaya na mwandishi wa historia hawapatani, maana siasa ya riwaya hukaa hapo hapo.

Mfano wangu hapa ni Kuli ya Adam Shafi, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Inamhusu Rashidi, kijana wa Unguja, mtoto wa kuli aliyekuwa kuli naye, na inatupeleka kwenye mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa 1948. Siitumii kwa mtihani. Naisomesha katika kipindi cha maktaba, mara moja kwa wiki, na kwa watoto waliokulia karibu na jeti haihitaji utangulizi mrefu: mzigo, mgongo na ujira wanavijua.

Hatua ya kwanza: soma riwaya peke yako, penseli mkononi

Usisome ukitafuta matukio ya kihistoria. Tafuta maswali. Mimi huweka alama tatu pembeni mwa ukurasa. Duara ni kitu ambacho mwanafunzi hakioni akilini: tishali, kwa mfano, ile mashua pana bapa iliyopokea mizigo kutoka meli iliyotia nanga mbali na nchi kavu. Msalaba ni jambo la pesa na mamlaka: nani anamlipa nani, kwa siku au kwa mwezi, nani anaweza kumfukuza nani. Nyota ni pale unapojiuliza, je, hili lingewezekana kweli?

Maduara huhitaji picha moja au sentensi mbili za mwalimu, yaishe. Misalaba na nyota ndizo zitakazokupeleka kwenye vitabu vya historia. Ukipata zaidi ya sita, punguza. Muhula mmoja haubebi zaidi ya sita, nami nimejaribu.

Hatua ya pili: vitabu vitatu vinatosha

Unahitaji kitabu chembamba kinachohusu tukio lenyewe, kitabu kipana kinachoeleza hali iliyolizaa, na kitabu cha jirani, yaani kinachosimulia jambo kama hilo mahali pengine karibu.

Kwa Kuli, kitabu chembamba ni cha Anthony Clayton juu ya mgomo wa jumla wa Zanzibar wa 1948, kilichochapwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1976. Kitabu kipana ninachokipenda ni From Slaves to Squatters cha Frederick Cooper (1980), kinachofuatilia yaliyowapata watu baada ya utumwa kufutwa, 1897 Zanzibar na 1907 kwetu pwani ya Kenya. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini huyu kuli hana shamba akalima?" jibu lake limo humo, na Malindi imo pia, jambo linaloamsha darasa. Cha jirani ni cha Cooper huyo huyo, On the African Waterfront (1987), kuhusu bandari ya Mombasa.

Vyote ni vya Kiingereza, vingine ghali, na hapa kisiwani duka la kukuuzia halipo. Azima kwa mwalimu wa historia, agizia anayesafiri Mombasa au Nairobi, tafuta mtandaoni. Usijitese kutafuta nakala arubaini. Unahitaji nakala moja ambayo wewe umeisoma. Ukikipata kitabu anza na faharasa ya mwisho, fuata maneno ya misalaba yako: mishahara, vibarua, mgomo, polisi. Ukurasa hadi ukurasa ni kazi ya likizo.

Hatua ya tatu: tengeneza karatasi zako

Hii ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa. Kutoka kila kitabu chukua sehemu isiyozidi ukurasa mmoja na nusu, uielezee upya kwa Kiswahili chako. Zamani nilikuwa nikiziita "vipande", mpaka mzee mmoja aliponicheka. Kwa watu wa rika lake, akasema, kipande ni ile kadi ya kikoloni ambayo Mwafrika wa Kenya alilazimika kuwa nayo, akivishwa shingoni katika kijaluba cha bati. Sheria yake ni ya 1915. Basi siku hizi naziita karatasi tu, na hadithi ya kipande naisimulia kama nyongeza, kwani inaingia kwenye mada kuliko nilivyodhani.

Karatasi nzuri ina mambo manne. Juu kabisa jina la mwandishi wa historia na mwaka wa kitabu chake, ili mwanafunzi asidhani maneno yameshuka mbinguni. Chini yake simulizi, ikibeba tarehe na tarakimu zote kama zilivyo. Kisha mstari mmoja unaosema mwandishi huyo alijuaje: ripoti za serikali? magazeti? mahojiano? Mwisho ni swali moja. Si matano. Moja.

Usiweke ufafanuzi wa riwaya ndani ya karatasi. Kishawishi ni kikubwa cha kuandika "kama tunavyoona kwa Rashidi…" Ukiandika hivyo umewafanyia kazi yao.

Tafsiri nayo ina mitego, na mtego mkubwa ni neno la kazi. Vitabu vya Kiingereza vinazungumza sana juu ya watu walioajiriwa siku kwa siku. Kiswahili kina neno lake, kibarua, na historia imo ndani ya neno: ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu kuonyesha kazi aliyoifanya. Nikiandika "wafanyakazi wa muda" darasa linalala. Nikiandika "vibarua" linaamka, maana nusu ya baba zao ni vibarua. Vilevile usigeuze kila mbeba mzigo kuwa "mfanyakazi wa bandari". Kuli, hamali, mchukuzi: waulize wanafunzi tofauti ni ipi na ni lipi kati ya hayo ni tusi.

Hatua ya nne: sura za mwanzo bila historia

Wiki mbili za kwanza ni za riwaya peke yake. Waache wampende mtu wanayemsoma. Waache wakosee. Mwanafunzi akisema "hawa makuli waoga, mbona hawagomi tangu mwanzo?" usimsahihishe, andika maneno yake kwenye kona ya ubao na umwombe asifute mtu. Utayahitaji wiki ya nne.

Wiki ya tatu toa karatasi ya kwanza, ile ya kwa nini watu wa mjini hawana ardhi. Dakika kumi kuisoma kimya, kumi wawili wawili, kisha mnarudi kwenye riwaya palepale mlipoishia. Kipindi kisimalizike na historia. Kila mara kimalizike na ukurasa wa riwaya ukisomwa kwa sauti.

Hatua ya tano: karatasi ya manila na safu nne

Sasa tunafika penye utamu. Bandika manila ukutani, ichore safu nne: Riwaya yasema nini. Kitabu cha historia chasema nini. Vinapatana? Kama havipatani, kwa nini?

Nikupe mfano wa mgomo wenyewe, kama tunavyoufanya.

Karatasi ya jirani huanza: Januari 13, 1947, Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa siku kumi na mbili, si wa bandari pekee. Katikati ya vuguvugu hilo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation, na kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo huo. Septemba 1947 wakagoma wachukuzi wa Dar es Salaam. Agosti 1948 ikawa zamu ya Unguja, wakaanza wa bandarini na Septemba ukasambaa kuwa mgomo wa jumla.

Swali la karatasi: habari ilisafirije kutoka Mombasa mpaka Unguja?

Waache wabishane. Watoto wa Lamu hulijibu swali hili vizuri kuliko wanafunzi wowote niliowahi kufundisha bara, kwa kuwa wanajua jahazi halibebi shehena tu. Nahodha anashuka na salamu, uvumi na bei. Watu wenyewe walihama bandari hadi bandari wakifuata kazi. Wakishalisema hilo wenyewe, waulize: katika riwaya, hamu ya kugoma inatoka wapi? Inazaliwa ndani ya Rashidi na wenzake, au inafika na upepo kutoka kwingine? Jibu linakwenda safu ya kwanza, la historia safu ya pili, na safu ya tatu huanza kuwaka moto.

Hapo mwanafunzi fulani atasema kwamba mwandishi "amekosea". Darasa langu husema hivyo kila mwaka. Tulia. Muulize: kama wewe ungetaka msomaji aamini kwamba mtu mnyonge anaweza kufunguka macho mwenyewe, ungeanza na Mombasa au ungeanza na mtoto mmoja na njaa yake? Safu ya nne inajazwa na jibu hilo. Mwanahistoria anahesabu umati. Mwandishi wa riwaya anachagua uso mmoja. Kuchagua ni siasa.

Kisha geuza meza, na hatua hii usiiruke. Waulize ni kipi kilichomo katika riwaya lakini hakimo katika karatasi za historia. Mwaka juzi manila ilijaa upande huu: mama, chakula cha jioni, aibu ya kukopa dukani, maumivu ya mgongo, matani ya makuli. Kwa nini mwanahistoria hana haya? Warudishe kwenye ule mstari wa "alijuaje". Aliyetegemea ripoti za maafisa atajua mshahara uliodaiwa na idadi ya polisi. Afisa hakuwahi kuandika kilichopikwa jioni ya mgomo. Hapo mwanafunzi anaelewa kwamba kitabu cha historia nacho kina mdomo wake na masikio yake, wala hakikuletwa darasani kuwa hakimu wa riwaya.

Yale maneno ya kona ya ubao, "hawa makuli waoga", yasome tena siku hii. Mwenyewe atayafuta.

Hatua ya sita: miaka miwili ubaoni

Andika 1948 upande wa kushoto, 1979 upande wa kulia. Mwaka wa kisa na mwaka wa kitabu. Katikati weka wanayoyajua: Januari 12, 1964 Mapinduzi ya Zanzibar, Aprili 26, 1964 Muungano, 1967 Azimio la Arusha. Ongeza kwamba Adam Shafi alizaliwa Unguja mwaka 1940, kwa hiyo wakati wa mgomo alikuwa mtoto wa miaka minane.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi kimoja bora kuliko vyote, na hakihitaji kitabu, kinahitaji chaki tu. Riwaya inasimulia utawala wa Mwingereza, lakini iliandikwa na mtu anayejua mambo yaliishia wapi, katika nchi iliyokuwa ikihubiri ujamaa, kwa wasomaji waliofundishwa kwamba mnyonyaji ni adui na mfanyakazi ndiye mwenye nchi. Makuli wa 1948 hawakujua kwamba 1964 inakuja. Mwandishi anajua. Watafute sentensi ambazo kuli wa 1948 angeweza kuzisema, na zile zinazonukia miaka ya sabini. Hawatakubaliana, na wala si lazima. Walimu wengi hufundisha historia ya wakati wa kisa peke yake, kisha wanashangaa kwa nini wahusika wanahutubia. Wanahutubia kwa kuwa 1979 ilikuwa na hotuba zake.

Hatua ya saba: mzee aje, au nyinyi mwende

Mgomo wa 1948 uko mbali, lakini kazi ya mzigo haiko mbali. Lamu iliishi kwa boriti za mikoko, zikihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini kwenda Arabuni msimu ukigeuka, mpaka serikali ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Wapo waliozibeba.

Adabu kwanza. Mwalimu aende peke yake siku moja kabla, aombe idhini, aeleze ni ya nini. Nendeni baada ya Alasiri, si mchana wa jua, na si Ramadhani. Wanafunzi wanne wanatosha; darasa zima barazani ni vurugu. Shikamoo, kahawa, habari za nyumbani, ndipo maswali. Na maswali yawe ya vitu: Korja moja mlibeba watu wangapi? Mlilipwa wapi, na nani aliandika hesabu? Mtu akiumia, nani alimlisha? Ukiuliza "Babu, maisha yalikuwa magumu?" utajibiwa "Alhamdulillahi" na mazungumzo yamekwisha.

Wasichana wapeleke kwa bibi zao na swali moja tu: siku mwanamume asiporudi na pesa, mlifanyaje? Majibu waliyoniletea yalijaza upande wa mambo ya nyumbani kwenye manila kuliko karatasi zangu zote. Hayakuwa ya 1948, na niliwafanya waandike hivyo wazi juu ya ukurasa. Ushahidi wa Lamu ya miaka ya sabini hauwi ushahidi wa Unguja ya 1948 kwa sababu tu umetugusa.

Penye moto

Riwaya yoyote ya Zanzibar itakuletea maneno Mwarabu, Mhindi, Mwafrika, Mshirazi. Darasani kwangu wamo Waamu, Wabajuni, watoto wa Mpeketoni, Waorma, Wapokomo. Sijawahi kuona somo linaloweza kuharibika haraka hivi. Njia yangu ni kuweka mezani wanahistoria wawili wasiopatana. Abdul Sheriff, katika Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar (1987), anatazama mali na tabaka: nani ana mashamba, nani ana mtaji, nani ana mikono tu. Jonathon Glassman, katika War of Words, War of Stones (2011), anasema tabaka halitoshi. Fikra za ubaguzi zilikuwa na maisha yake, na wasomi na magazeti ya visiwani vyenyewe yalizichochea, si Mwingereza pekee.

Karatasi mbili, nusu ukurasa kila moja, na swali moja: riwaya hii iko karibu na nani? Ghafla wanajadili waandishi badala ya kunyosheana vidole. Kanuni moja naisema wazi kabla ya kuanza: hakuna anayesema "nyinyi".

Kama riwaya haina nchi wala mwaka

Riwaya nyingi za kutahiniwa hutungwa katika nchi ya kubuni, na mwalimu hudhani historia haina kazi hapo. Ina kazi, ila shikilia mwaka wa kitabu. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Nchi inaelea angani, huwezi kuitafuta katika faharasa yoyote. Lakini mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na Tanganyika ya 1951 ilikuwa chini ya Mwingereza, TANU, chama kilichodai uhuru, haijazaliwa mpaka Julai 7, 1954. Fungua A Modern History of Tanganyika cha John Iliffe (1979) kwenye miaka hiyo, tengeneza karatasi moja tu, uwaulize: kwa nini angani? Kosa la kuepuka ni kumlazimisha kila mhusika awe kiongozi fulani wa kweli. Nimeona darasa likitumia kipindi kizima kubahatisha nani ni nani kama wanacheza bao.

Insha na alama

Mwisho wa muhula waandike insha moja, kurasa mbili, kuhusu mstari mmoja tu wa manila, ule ambao safu ya tatu inasema "havipatani". Mimi hutoa alama kumi na mbili kwa ushahidi wa riwaya, tano kwa namna walivyotumia karatasi ya historia, tatu kwa lugha. Mwanafunzi akiandika "mwaka 1948 Rashidi aligoma" kana kwamba Rashidi alisajiliwa bandarini, namrudishia aandike upya. Na kwa mtihani wa taifa waonye mapema: msahihishaji anataka riwaya. Sentensi moja ya historia inaweza kunyoosha hoja, tatu zinaila nafasi ya hoja.

Manila usiitupe. Mwaka unaofuata ibandike karibu na mpya, waone wenzao walibishania nini. Karatasi za historia weka kwenye faili la plastiki, mfuko juu ya mfuko, mbali na ukuta. Zangu za kwanza nilizifungia kabatini Aprili, kusi ikapita na mvua zake, na Agosti nilipofungua mchwa walikuwa wameshafika sura ya mgomo.